Wazazi wa Kukodi
Sehemu ya Tisa

Mlango ulifunguka, na aliyeingia hakuwa Didas.

Veneranda alikuwa amemwomba kaka yake, na kaka yake tu, aje pale ofisi ya uhamiaji mjini Iringa amthibitishie afisa kwamba yeye na Blessing ni mke na mume kweli. Didas alikuwa anajua kila kitu. Lakini Didas, ninyi mnaomfuatilia mnamfahamu, ni mtu wa kuahidi asubuhi na kutoweka mchana. Safari hii alifanya kubwa zaidi. Kabla ya kutoweka alimpigia simu baba yao kijijini, akamwambia kuna kesi mjini, serikali inadai mkwe wake si Mtanzania.

Kwa hiyo aliyesimama mlangoni alikuwa Mzee Marcelino mwenyewe, koti la Krismasi mwilini, kofia mkononi, na uso wa mtu aliyekuja kumaliza ubishi.

Veneranda alitaka kuinuka amtoe nje kwa kisingizio chochote, lakini afande Justine, yule mama mtu mzima aliyekuwa akiwahoji tangu asubuhi, alikuwa ameshamvutia mzee kiti.

Aliyekosa gazeti wiki zilizopita nimpe kwa kifupi. Blessing ni Mmalawi, kwao Karonga. Alikuwa dereva wa malori ya mizigo, na ilikuwa pale Ipogolo, malori yanapopumzika chini ya mlima wa Iringa, ndipo alipomwona mwalimu Veneranda. Mapenzi hayakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa Mzee Marcelino. Dada yake mkubwa, Evarista, aliolewa na Mzambia, akavuka Tunduma na mumewe, na mpaka leo hakuna anayejua hata kaburi lake liko upande gani. Mzee aliapa kwamba hakuna binti yake atakayevushwa mpaka tena.

Basi wakati wa posa ulipofika, mshenga wao, Saulo wa Uyole kule Mbeya, aliwatafutia wazee wawili wa Kinyakyusa wajifanye baba mdogo na mjomba wa bwana harusi. Haikuwa kazi ngumu. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela wametengwa na mto Songwe tu, lugha karibu ni moja. Blessing alipiga soga na wale wazee mbele ya Mzee Marcelino, na mzee akasikia kwa masikio yake kwamba hawa ni watu wa nyumba moja. Ulanzi ukaletwa, ukanyweka, binti akatolewa.

Wapo watu wanaoidanganya serikali na kuwaambia wazazi wao ukweli. Hawa wawili walifanya kinyume. Bomani, walipofunga ndoa, Blessing alitoa pasi yake ya Malawi bila kuficha neno. Uongo waliupeleka nyumbani. Walipanga kibali cha kuishi nchini kikishatoka ndipo baba aambiwe, wakaamini kwamba ukweli ukishapigwa muhuri hauumi tena. Ujinga wa wapendanao, mimi nimeshachoka nao.

Sasa baba yuko ndani ya ofisi, na kibali hakijatoka.

Afande Justine alimuuliza swali moja tu, kama anamfahamu huyu kijana.

"Namfahamu vizuri sana, mama," alijibu Mzee Marcelino, na alijibu kwa sauti ya watu wa nje nao wasikie. "Huyu ni Mtanzania halisi. Mnyakyusa wa Kyela. Wazee wake wamekula kwangu na kunywa kwangu. Anayesema ni mgeni aje tuonane."

Blessing aliinamisha kichwa. Afande aliitazama pasi ya Malawi iliyokuwa juu ya meza, akamtazama mzee, akamtazama Veneranda. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu kama angekasirika.

Alimgeukia Veneranda akamwambia polepole kwamba yeye hana shida na Wamalawi, na wala hana shida na mapenzi. Mwanamke mgeni akiolewa na Mtanzania, sheria inamfungulia njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume mgeni akioa Mtanzania hana njia hiyo. Anachoweza kuomba ni ruhusa ya kukaa na mkewe, na ruhusa hiyo inaegemea jambo moja, kwamba ndoa iwe ya kweli, isiwe ya makaratasi. Wanaooana ili wapate kukaa nchini wapo, na yeye ameshawaona wengi.

"Sasa ndoa ambayo baba mzazi hajui mkwe wake anatoka nchi gani," alisema, "mimi niiamini vipi, mwalimu?"

Veneranda aliukumbatia mkoba wake.

Mzee Marcelino hakuelewa. Alidhani ushahidi wake umekuwa mwepesi, basi akauongeza uzito. Mwenzangu, kuna wakati mtu anakusaidia mpaka unatamani angekuwa adui yako.

Akamwambia afande kwamba yeye na ukoo wa Blessing wameshazikana. Ndiyo, wameshazikana. Baba mdogo wa Blessing, Mzee Tusajigwe, alifariki kipindi cha masika, na yeye Marcelino aliposikia alipanda basi akaenda Uyole na blanketi la msiba, kama inavyompasa mtu aliyefiwa na mzazi mwenzake. Alitupa udongo kaburini. Wakati wa salamu za rambirambi alisimama akanena kwa niaba ya wakwe wa Iringa. Watu walitazamana tu, lakini mjane alimwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa lugha yao, na yeye akaridhika.

"Watu wa kule ni wapole mno," alisema. "Hata mahali pa wakwe hawakunitengea. Nilikaa na wachimba kaburi, nikala nao, nikalala kwa jirani. Sikunung'unika. Nikasema labda ndiyo mila yao."

Hapo Veneranda alianza kulia. Alilia bila sauti, machozi yakimwagikia mkoba aliokuwa ameukumbatia, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe. Mzee Tusajigwe alikuwa mzee wa Uyole aliyekuwa akiuza viazi. Alivaa koti la Saulo siku ile ya posa, akala nyama, akaenda zake. Waliomlilia hawakuwahi kusikia habari za mkwe wa Iringa. Walimwona mzee mgeni amepotea msiba, wakamhurumia, wakampa chakula.

Afande Justine aliyaona yale machozi, akasogeza pasi mbele ya mzee, akamwomba asome.

Mzee Marcelino alisoma taratibu, kidole kikifuata maandishi. Akasoma jina la nchi. Akarudia. Akamuuliza Blessing kama kitu hiki ni chake.

"Ni changu, baba," alisema Blessing. "Na wale wazee niliwatafuta mimi. Veneranda hakujua lolote. Nilimdanganya yeye kama nilivyokudanganya wewe."

Huo ndio uongo wa mwisho aliousema katika ofisi ile, na aliusema kwa mapenzi. Alitaka mwenzake atoke akiwa safi mbele ya baba yake. Lakini alisahau kwamba afande alikuwa anaandika. Kama mke alidanganywa, basi ndoa yenyewe imejengwa juu ya hila, na kibali ndio kwaheri. Kalamu ya afande ilisimama hewani, ikimsubiri Veneranda.

Angenyamaza, angebaki binti wa baba yake. Angesema, huenda ndoa ikapona. Alipangusa uso.

"Si kweli, baba. Nilijua. Mimi ndiye niliyemtuma Saulo awatafute."

Mzee Marcelino hakumwuliza kwa nini. Hakumwuliza habari za Malawi wala za shangazi Evarista. Aliuliza neno moja tu, na aliliuliza taratibu.

"Siku naenda Uyole kuzika, ulijua nakwenda kumzika nani?"

"Nilijua, baba."

"Ndiwe uliyenifungia blanketi."

"Ndiyo, baba."

Nje mtu alikuwa anaita namba za watu waliokuwa foleni. Afande Justine alikohoa, na hapa nimpe haki yake, maana alijaribu. Aliweka kalamu chini akamwambia mzee kwamba yaliyopita yamepita. Yeye alichotaka kujua ni kama ukoo unaitambua ndoa hii. Bwana hana kazi nchini, ndoa ni changa, na siku zake kwenye muhuri zinaishia kesho. Mzee akisema hapa, kwa hiari yake, kwamba anamkubali Blessing kuwa mkwe wake, Mmalawi hivyo hivyo alivyo, yeye atayaandika maneno hayo na kuyapeleka mbele, na ombi litakuwa na miguu ya kusimamia. Asiposema, hana la kuandika.

Blessing alipiga magoti sakafuni. Veneranda naye akapiga magoti pembeni yake.

Mzee Marcelino alivaa kofia yake. Aliivaa mle mle ndani, yeye ambaye alikuwa hajawahi kuvaa kofia chini ya paa la mtu.

"Mama," alimwambia afande, "mimi mkwe wangu ni Mnyakyusa wa Kyela, na baba yake mdogo nilimzika Uyole. Huyu bwana simfahamu."

Akatoka. La kuvunda halina ubani, ndugu zangu, na hata wewe ungekuwa baba sijui ungesema nini.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Ombi lilikataliwa. Afande alieleza kwamba Blessing atoke kwa miguu yake kabla muhuri haujaisha, kwa sababu akitoka mwenyewe anaweza siku moja kuomba tena akiwa nje. Akikamatwa amepitiliza, huenda asiruhusiwe kukanyaga tena nchi hii. Veneranda aliuliza kama yeye anaweza kumfuata. Afande alisema hakuna sheria inayomzuia mke kumfuata mumewe, ila kule naye atakuwa mgeni, aanze upya kuwaomba wenyewe wamruhusu kukaa, na watakachotaka kwanza ni watu wa upande wa mume waseme huyu ni mke wetu. Mchana huo huo akamsaidia kupata hati ya dharura ya kusafiria. Ndiyo huruma pekee iliyopatikana siku ile.

Veneranda alifikiria kazi yake ya ualimu, wanafunzi wa kidato cha nne wanaokaribia mtihani, na chumba chake cha Mkwawa alichokuwa ameanza kununulia vitu vya watu wawili. Alimpigia mama yake. Mama alipokea, akasikiliza, akasema baba yako yupo hapa, kisha akakata.

Alfajiri walipanda basi la Mbeya. Njia nzima Veneranda alikuwa akizungumzia Karonga. Mlango mmoja umefungwa, alisema, lakini umebaki mwingine. Atajifunza lugha yao. Hisabati ni ile ile kila nchi. Mama mkwe akimkubali, yote yatasahaulika. Aliongea kama mtu anayewasha moto kwa kuni mbichi, akipuliza na kupuliza, na Blessing alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Walipopita Igurusi simu yake ilikuwa imeita mara nyingi na kila mara aliizima mlio.

Walishuka Uyole mchana, pale njia panda ya Tukuyu na Kyela. Ubaridi wa kule mnaujua. Wanawake walikuwa wamepanga viazi kwenye ndoo pembeni ya barabara, na malori ya Malawi yalikuwa yamepiga foleni kushika njia ya mpakani Kasumulu. Gari la abiria la Kasumulu lilikuwa limebakiza nafasi chache. Veneranda alishika begi lake, akaweka mguu mlangoni.

"Usipande," alisema Blessing.

Alimvuta pembeni, karibu na wauza viazi, na hapo akamweleza jambo ambalo hata mimi ninayewasimulia nilitamani angelinyamazia.

Wazazi wake kule Karonga nao ni watu wa mila. Waliposikia mtoto wao anataka kuoa, walisema vizuri, tupeleke kwa wakwe. Angewapeleka wapi? Mzee Marcelino alikuwa anaamini wakwe zake wako Uyole. Kuwaleta watu wa Karonga mpaka Iringa kungefichua kila kitu siku hiyo hiyo. Uongo wa kwanza ulikuwa unadai wa pili. Basi Blessing alifanya kule alichofanya huku. Alimtafuta mzee mmoja wa Chitipa, huko huko Malawi, akamwomba asimame kama baba wa binti aitwaye Veneranda, mwalimu, ambaye kwa sasa anafundisha Tanzania. Wazazi wake wakaenda kwa mzee yule na ng'ombe, wakapokewa kwa heshima, mambo yakaisha. Walikuwa wamekubaliana na mzee kwamba baadaye ng'ombe watarudishwa kimya kimya.

Veneranda alisikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya begi lake.

"Kwa hiyo kule nina baba mwingine," alisema.

"Nilitaka kukuambia baada ya kibali."

"Na ng'ombe walipokelewa kwa jina langu."

"Kwa jina lako."

Kondakta aliwaita kwamba gari linaondoka. Veneranda alimtazama mume wake kwa muda, na alimchukia, na papo hapo akamhurumia, kwa sababu alijua kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha njia hiyo. Saulo alikuwa wazo lake. Sasa naye alikuwa amekodiwa baba huko ng'ambo, analipwa kwa sarafu yake mwenyewe.

Kisha akasimama. Na hapa, wasomaji, kwa dakika chache alikuwa mwanamke shupavu kuliko wote niliopata kuwaandikia. Alimwambia Blessing kwamba hatarudia kosa la Iringa. Watavuka leo, wataingia kwa wazazi wake kabla hata ya kula, watapiga magoti na kusema yote, la Marcelino na la Chitipa. Wakifukuzwa, wafukuzwe kwa ukweli. Huenda baba yako ana moyo kuliko wangu, alimwambia. Blessing alilia pale barabarani mbele ya wauza viazi, mwanamume mzima, akamshukuru, akabeba mabegi yote mawili.

Simu ikaita tena. Safari hii Blessing alikuwa na mikono miwili imejaa. Veneranda aliitoa mfukoni mwake, akaona ni mama mkwe. Mama huyu alikuwa amefanya biashara ya mchele pale Kasumulu miaka mingi na Kiswahili alikijua vizuri. Kutopokea simu ya mama mkwe ni utovu wa adabu, na Veneranda alikuwa ametoka kuapa kuanza upya. Akapokea.

Alimwamkia. Kabla hajajitambulisha, mama alikuwa ameshashika kasi. Alidhani ni mmoja wa abiria aliyeazimwa simu, akamwomba amfikishie Blessing ujumbe haraka. Nyumbani kumejaa watu. Yule mzee wa Chitipa ni mtu mwaminifu, watu kama yeye siku hizi hawapo. Amekiri kwamba yule mwalimu si binti yake, lakini ng'ombe wa mahari wakishaingia zizini kwake hawawezi kurudi, na hawezi kukaa nao bila kutoa binti. Leo asubuhi amemleta binti yake wa kumzaa, kwa nyimbo na shangazi zake wote. Binti mzuri, mpole, ameshaanza kusonga ugali. Baba yake Blessing ameshambariki. Kinachosubiriwa ni bwana harusi tu.

Blessing aliona uso wa mkewe, akaweka mabegi chini.

"Ngoja, umsalimie mwenyewe," alisema mama kwa furaha. Simu ikapita mikononi mwa watu, vicheko, vigelegele, sufuria ikigongwa. Kisha ikaja sauti ya msichana, changa, kwa Kiswahili cha mpakani, yenye adabu na woga kidogo.

"Shikamoo," ilisema. "Mimi ni mke wake Blessing. Naongea na nani?"

Nyuma yao gari la Kasumulu lilifunga mlango, likaondoka, na Veneranda alibaki ameishika simu sikioni, hajui ajibu yeye ni nani.